Mwongozo Kamili: Kumrudishia Mzee Nguvu za Miguu kwa Wiki 12, Nyumbani Dar es Salaam

Familia nyingi za Dar hukwama hapa kwa namna ileile. Mama au baba analetwa kutoka Same, Songea au Bukoba, anapewa chumba kizuri Tabata au Goba, anakatazwa kushika hata ufagio, na kila akitaka kuinuka anaambiwa, "Wewe pumzika tu, mama, umeshatufanyia mengi." Miezi michache baadaye hainuki kwenye sofa mpaka ashikwe mkono. Siku moja anaanguka bafuni, na watu wanasema ni uzee.

Uzee upo, lakini mapumziko yenyewe ndiyo yaliyomla miguu. Wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo moja ya nyama za miguuni. Nyama hizo hurudi mtu akizifanyisha kazi, hata akiwa na miaka 80, ila hazirudi kwa kumkanda wala kwa dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa stendi.

Mwongozo huu ni wa mzee anayeweza kusimama, hata kwa kushika kitu, na anayefuata maelekezo. Kama karibuni amepata kiharusi, amefanyiwa upasuaji, amevunjika, au kifua kinambana akitembea, muoneni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Presha ikisoma 180/110 au zaidi, msianze mazoezi siku hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Kiti cha mbao au chuma kisicho na magurudumu, kimo cha sm 43 hadi 46 toka sakafuni mpaka kwenye kikalio. Kiti cha plastiki kisitumike: miguu yake hujikunja na kuteleza juu ya marumaru mzee anapokiegemea.
- Mto mmoja mgumu wa kuongeza kimo cha kiti.
- Tepu ya kupimia na utepe wa kuweka alama sakafuni.
- Simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu.
- Viatu vyenye mkanda au ukingo nyuma ya kisigino na soli isiyoteleza. Raba nyepesi inatosha.
- Taa ya kuchaji inayowaka yenyewe umeme ukikatika.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja wa kusimamia kila siku. Kama ni dada wa kazi, afundishwe yeye hasa, kwa sababu ndiye anayeshinda na mzee. Familia nyingi humfundisha mtoto anayerudi kazini saa 2 usiku, halafu zinashangaa kwamba hakuna kilichofanyika.

## Hatua ya 1: Pata ridhaa yake

Mzee hapangiwi. Ukimjia na daftari na amri atakubali kwa mdomo na kukataa kwa mwili. Mwombe msaada badala ya kumpa zoezi: "Bibi, naomba unisindikize gengeni, mimi wauza mchicha wananizidi ujanja." Mwachie na kazi za nyumba anazoziweza: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumwagilia maua, kupepeta dagaa. Kazi hizo humpa heshima na humwinua kitini mara kadhaa kwa siku.

Mwulize pia anataka kurudia kufanya nini. Mwingine atasema kwenda msikitini kwa miguu, mwingine jumuiya, mwingine kupanda ngazi za kwa binti yake Sinza. Andika jibu ukurasa wa kwanza wa daftari. Hilo ndilo lengo la wiki 12.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kuanza

Vipimo vitatu, asubuhi, akiwa amevaa viatu na mtu amesimama karibu.

Kuinuka na kutembea. Weka alama mita 3 mbele ya kiti. Ukisema "haya", ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Kama ana fimbo, aitumie. Sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Kuinuka kwa sekunde 30. Mikono ameikunja kifuani, hesabu mara ngapi anasimama wima kabisa. Kuanzia miaka 60 hadi 64, mwanamke afikishe 12 na mwanaume 14. 65 hadi 69, ni 11 na 12. 70 hadi 74, ni 10 na 12. 75 hadi 79, ni 10 na 11. 80 hadi 84, ni 9 na 10. 85 hadi 89, wote 8. Chini ya hapo miguu ni dhaifu. Akilazimika kusukumia mikono, andika sifuri bila kumsikitikia. Wengi huanzia hapo.

Kusimama. Miguu sambamba sekunde 10. Kisha mguu mmoja nusu hatua mbele. Kisha kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Asiyeweza kukaa sekunde 10 kwenye mkao huu wa tatu anahitaji mazoezi ya mizania, yaani ya kusimama bila kuyumba, kabla ya kitu kingine chochote.

## Hatua ya 3: Kagua presha ya kusimama, dawa na macho

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuiruka ndiko kunakofanya mazoezi yaonekane hayasaidii. Mzee anaweza kuwa na mapaja imara na bado akaanguka kwa sababu damu inachelewa kufika kichwani anaposimama.

Alale chali dakika 5, umpime presha. Asimame, umpime tena dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, pelekeni namba hizo kwa daktari aliyemwandikia dawa. Msipunguze vidonge wenyewe, wala msikate kidonge nusu. Wakati mnasubiri, afanye hivi kila anapoamka: akae ukingoni mwa kitanda dakika moja, akanyage-kanyage mara 10, ndipo asimame.

Kisha mwagieni dawa zake zote mezani, pamoja na zile za duka la dawa la mtaani. Za kuangaliwa ni za usingizi kama diazepamu, piritoni inayomezwa kila usiku "kwa ajili ya mafua", amitriptilini (ya sonona au maumivu ya neva), na dawa ya kukojoza inayomezwa jioni, ambayo humwamsha usiku kucha kwenda chooni. Dawa ya usingizi iliyozoeleka haikatwi ghafla. Daktari ataishusha taratibu. Peleka mfuko mzima wa dawa hospitali, si kumbukumbu ya majina. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, kwa hiyo beba kitambulisho chake na uulizie dirisha la wazee.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asifanye mazoezi kabla ya kula. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuongea ovyo, na bado anameza vizuri, apewe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15.

Macho: ukungu wa mtoto wa jicho hauondoki kwa dawa ya matone, unatolewa kwa upasuaji mdogo.

## Hatua ya 4: Rekebisha nyumba, anzia bafuni

Nyumba nyingi za Dar zimetandikwa marumaru ya kung'aa mpaka chooni. Yakiwa makavu hayana shida. Yakiingia maji ya sabuni, hata kijana huteleza.

Kishikio cha ukutani. Tumia bomba la chuma lisiloshika kutu, unene wa mm 32 hadi 38, ambao kiganja cha mzee kinauzunguka vizuri. Kikae sm 85 hadi 90 toka sakafuni sehemu ya kuogea, na kiache nafasi ya sm 4 hivi na ukuta, ili vidole vipite bila mkono mzima kuzama nyuma yake.

Tatizo liko ukutani. Tofali nyingi za mchanga na saruji hazishiki skrubu ya plagi ya plastiki. Mzee akining'inia, skrubu inatoka na unga wa tofali, naye anaanguka na chuma mkononi. Mwambie fundi atoboe ukuta mpaka upande wa pili, apitishe boliti ndefu na kuweka bamba la chuma kule nyuma, au achimbe tundu na kulijaza zege lenye kokoto ndogo kuzunguka nanga, likae siku 7 kabla ya kuguswa. Marumaru itobolewe kwa biti yake, bila kugonga, isipasuke.

Fundi akimaliza, mtu mzima mwenye kilo 90 au zaidi akivute kwa uzito wake wote kabla ya kumlipa. Kikicheza hata kidogo, kirudiwe. Kishikio kinachocheza ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu mzee anakiamini. Bomba la maji na kamba ya taulo si vishikio; mwonyesheni hivyo kwa vitendo.

Choo. Kama ni cha kuchuchumaa na magoti hayamruhusu, kuna viti vya choo vyenye tundu katikati, hukaa juu yake. Fundi wa kuchomelea pia anaweza kutengeneza kwa bomba za mraba. Kimo kiwe sm 45 hivi, miguu minne ivalishwe mipira, na mikono ya kushikia iwe pande zote mbili.

Kuoga. Kiti imara bafuni, ndoo juu ya stuli ili asiiname, kata lenye mpini. Sakafu ipigwe dekio baada ya kila anayeoga, siyo jioni tu.

Chumbani. Ajali za saa 9 usiku huanzia kwenye chandarua. Kikichomekwa chini ya godoro pande zote, mzee aliyebanwa na mkojo huvuta, mguu unanasa, anatoka kichwa mbele. Chandarua ni lazima, hatukiondoi. Acha upande mmoja, ule wa kutokea, uning'inie kwa kupishana vipande viwili badala ya kuchomekwa, na usiburuzike sakafuni. Weka taa ya kuchaji mkono unapofika, na njia ya chooni iwe wazi: bila mkeka uliokunjika ncha, bila nyaya za feni, bila viatu vya wajukuu.

Ndala zitoke kabisa kwenye mwendo. Anayevaa ndala huburuza miguu ili zisichomoke, na mguu unaoburuzwa ndio unaokwaa kizingiti. Kanga ifungwe iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu.

## Hatua ya 5: Mazoezi, siku 3 kwa wiki

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa mfano. Misuli hujijenga siku ya kupumzika, hivyo nguvu zisifanyishwe kila siku. Saa 1 asubuhi au saa 11 jioni. Mchana wa Januari hadi Machi joto la Dar linamaliza maji mwilini kabla ya zoezi. Dakika 30 zinatosha, na sehemu kubwa yake iende kwenye zoezi la kwanza.

A. Kuinuka kitini. Kiti kiegemee ukuta. Ajisogeze mbele mpaka nusu ya paja iwe nje ya kiti. Arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kusimama. Akishuka ahesabu moja, mbili, tatu kabla ya kugusa kiti.

Wiki ya 1 na 2: mto juu ya kiti, mikono inasaidia, mara 5, apumzike dakika 2, mara 5 tena. Wiki ya 3 hadi 5: mto upo, mkono mmoja tu. Wiki ya 6 hadi 8: mto upo, bila mikono, mara 8 kwa awamu mbili. Kuanzia wiki ya 9: ondoa mto, lengo mara 10 kwa awamu mbili. Asiyefikia asisukumwe, abaki alipo wiki moja zaidi.

Yanayoharibika ni matatu. Nyayo zikiwa mbele mno anarudi kitini kama gunia, zirudishe nyuma. Akikaa kwa kujitupa, nusu ya faida imepotea, maana kushuka polepole ndiko kunakojenga paja na kulinda uti wa mgongo. La tatu ni la msaidizi: kumnyanyua kwa makwapa. Hilo humuumiza bega, na mazoezi anakuwa ameyafanya msaidizi. Akihitaji msaada, weka kiganja mgongoni chini ya mabega umwelekeze mbele, asimame mwenyewe.

Mapaja kuuma kesho yake ni sawa, na huisha ndani ya siku mbili. Goti kuchoma wakati wa kuinuka si sawa: ongeza mto wa pili, na likivimba simamisheni, muoneni mtaalamu.

B. Visigino na vidole. Ashike kaunta ya jikoni. Ainue visigino mara 10 taratibu, kisha ainue vidole visigino vikiwa chini mara 10. Zoezi la vidole ndilo linalozuia kukwaa.

C. Kwenda upande. Akiwa ameshika kaunta, hatua 10 kulia, 10 kushoto, vidole vya miguu vikitazama mbele.

D. Mizania. Ule mkao wa tatu wa vipimo, sekunde 10 kila mguu, mara 3. Anaanza kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha vidole viwili, kisha mikono ikielea juu ya kaunta. Kushika kunapungua, kaunta haiondoki. Zoezi hili halina uchovu, linaweza kufanywa kila siku wakati chai inachemka.

Kwa anayeswali chini: rakaa 17 za faradhi kwa siku ni mazoezi makubwa ya kushuka na kuinuka. Kama anaweza na hapati kizunguzungu, msimharakishie kiti. Mwekeeni stuli nzito pembeni ya mswala ya kuegemea.

Simamisheni mara moja akipata maumivu ya kifua, pumzi kukata hata akikaa, kizunguzungu, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja. Maumivu ya kifua au pumzi kukata visivyoisha akikaa, na udhaifu huo wa upande mmoja, ni vya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Chakula cha kujenga misuli

Zoezi bila protini ni kujenga bila tofali. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Chai ya rangi na mkate asubuhi, kisha ugali na mchicha usiku, haifiki hata nusu.

Mfano wa siku: mayai 2 (gramu 12) na glasi ya maziwa au mtindi (8) asubuhi, kikombe cha maharage yaliyoiva (15) mchana, kipande cha samaki ukubwa wa kiganja (20) au konzi kubwa ya dagaa wakavu (12) usiku. Wali na ugali vitaongeza kidogo. Gawanya, usilimbikize usiku.

Meno yakiwa tatizo, twanga dagaa na karanga uzichanganye kwenye mboga. Karanga na unga wa lishe nunua kidogo kidogo. Penye ukungu pana sumukuvu, tupa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila ushauri wa daktari, na mwenye moyo uliochoka asiongezewe maji kiholela.

## Hatua ya 7: Kutoka nje

Anza wiki ya 3. Dakika 10, siku 5 kwa wiki. Ongeza dakika 5 kila wiki mpaka 30. Hizo ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini anachoshauri Shirika la Afya Duniani. Mwendo sahihi ni ule anaoweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Atembee upande wa kulia wa barabara ili aone magari na bodaboda zinazomjia. Wakati wa masika, mtaa ukiwa tope, atembee barazani au kwenye korido. Mtaro uliofunikwa na maji hauonekani. Safari iwe na mwisho: gengeni, msikitini, kwenye kahawa na bao, kwa jirani. Mzee mwenye pa kwenda hakumbushwi kutoka.

Fimbo. Akiwa amevaa viatu, mikono imening'inia, juu ya fimbo pawe usawa wa mkunjo wa kiganja na mkono. Ndefu humwinua bega, fupi humwinamisha. Ishikwe mkono ulio kinyume na mguu mbovu, iende pamoja na mguu huo. Kupanda ngazi, mguu mzima kwanza. Kushuka, fimbo na mguu mbovu kwanza. Kipira cha chini kikilika mpaka kuwa laini, badilisha.

## Hatua ya 8: Akianguka

Msimnyanyue. Mwacheni alipo, mwulizeni panapouma. Mguu mmoja ukiwa mfupi na umegeukia nje, au hawezi kuukanyaga, chukulieni nyonga imevunjika. Asichuliwe, asikandwe, asipelekwe kwa mfunga mifupa. Asafirishwe amelala, si amekalishwa kwenye bajaji, mpaka hospitali. Rufaa za mifupa huishia MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata akisema yuko sawa.

Kama hakuumia: ageuke ubavu, apige magoti na kuweka viganja sakafuni, atambae mpaka kwenye kiti, aweke mikono juu ya kikalio, atangulize mguu wenye nguvu, asukume. Wewe sogeza kiti cha pili nyuma yake akalie. Lifanyieni mazoezi juu ya godoro angali mzima, ili siku hiyo mwili ujue.

## Kupima tena

Rudieni vipimo vya Hatua ya 2 wiki ya 6 na ya 12. Mmefanikiwa kama anainuka bila mikono, kutembea na kurudi kumeshuka chini ya sekunde 12, au anafanya lile aliloandika ukurasa wa kwanza. Kama wiki ya 6 hakuna namba iliyosogea, angalieni daftari: mara nyingi mazoezi yalifanyika siku moja kwa wiki, au protini haikuwepo. Kama yote yalifanyika na bado anadhoofika au anapungua uzito, kuna ugonjwa, aende akapimwe.

Baada ya wiki 12 mazoezi hayakomi, yanabaki siku 3 kwa wiki. Akiugua malaria, akilazwa au akisafiri na kukosa wiki mbili, aanze tena na mto juu ya kiti na mara 5, apande ngazi zilezile. Safari hii huwa fupi zaidi.